Bwana Subiri na Mguu wa Mpwa Wake

Kaka yangu hajawahi kula rushwa. Hulisema hilo kila Jumapili mezani kwangu, huku akichokonoa meno, na zamani nilikuwa nikijivunia ndugu wa namna hiyo. Siku hizi maneno hayo yananitia kichefuchefu.

Anafanya kazi kwenye kampuni ya bima ya safari, dirisha la madai. Shule zikipanga ziara, huwakatia wanafunzi bima kwa pamoja. Mtoto akishindwa kwenda kwa ugonjwa au ajali, mzazi hudai pesa yake pale. Wateja wamembandika jina la Bwana Subiri. Alianza kama tarishi, akapandishwa cheo bosi alipogundua kwamba watu wakifika kwake huchoka upesi na kurudi makwao. Hakatai dai la mtu, hata kidogo. Hulirudisha. Mara muhuri haujakolea, mara barua ya mwalimu mkuu ni nakala, na siku zote hutabasamu akisema, "Subira huvuta heri." Ukiondoka, hupangusa kwa leso pale ulipoegemeza mkono.

Wiki ya ziara, binti yangu aliteleza bafuni akavunjika mguu. Walikuwa wanakwenda kutazama nyota kwa darubini kubwa, na mtoto huyu amejaza ukuta wake michoro ya mwezi. Mwalimu akanituliza: kundi la pili litaondoka mwisho wa muhula, bima ikilipa kabla ya hapo, nafasi yake ipo. Sikuwa na pesa nyingine. Nikajipa moyo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Tulikwenda pamoja, yeye kwa magongo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ila hapa kazini mimi si mjomba. Hapa mimi ni afisa."

Akaigonga plasta ya mguu wake kwa kalamu, akacheka. Kisha akanirudishia barua ya daktari. Eti sahihi imegusa muhuri.

"Kaka, si unauona mguu wenyewe!"

"Dada, nikikupendelea wewe, watu watasemaje? Subira huvuta heri."

Nikarudi na barua mpya, akataka picha ya eksirei. Nikaleta, akasema faili limepanda juu kwa bosi. Likashuka, barua haimo. Kila nikienda namkuta anakata kucha juu ya mafaili ya watu, na vipande vinarukia majina ya watoto. Plasta ikaondolewa. Binti akaanza kuchechemea, baadaye akatembea sawasawa, nami mjinga nikamshukuru Mungu. Ndipo kaka akapiga simu.

"Dada, mlete mtoto. Utaratibu wetu, lazima tumwone aliyeumia."

Alimtembeza pekupeku kutoka dirishani hadi mlangoni na kumrudisha, mbele ya kadamnasi. Akainama, akamfinya kifundo cha mguu.

"Mbona mzima huu? Sioni dalili yoyote kwamba alishindwa kusafiri."

"Ulikuwa umevunjika! Wewe mwenyewe uliugonga kwa kalamu!"

"Siku ile niliuona kama kaka yako. Leo nauchunguza kama afisa."

Wenzake nyuma ya dirisha wakatikisa vichwa kwa kumsifu, na mmoja akamwinulia dole gumba. Kumbe ndivyo wanavyofanya: wanamzungusha mzazi mpaka mfupa uunge, kisha wanaomba kuuona. Na hawaoni haya. Ningekuwa nimezungushwa na mla rushwa, ningemlaani yakaisha. Huyu kamdhulumu mpwa wake bure, kwa kupigwapigwa tu begani na bosi. Binti hakulia. Alivaa soksi yake, akafunga kamba za kiatu, tukatoka. Kundi la pili likaondoka bila yeye.

Jumapili iliyofuata, huyo mlangoni. Akanawa mikono, akavuta kiti karibu na sufuria, akaanza kunusa harufu ya mchuzi kama mtu asiye na deni na yeyote.

"Mpwa wangu leo hasalimii?"

Binti alikuwa analeta sahani. Akaziweka mezani, akasimama mbele yake kwa adabu zote nilizomfundisha.

"Shikamoo, bwana afisa."

Kaka akanigeukia, akingoja nimkemee mtoto. Nikampakulia mtoto, nikajipakulia mimi, nikafunika sufuria.