Sindano Alizozifuata Mume Wangu

Admin, naomba uniwekee kisa hiki leo leo, ila jina langu ulifiche, maana huku kwetu kila mtu ana simu na mawifi zangu wote wanaufuata ukurasa huu. Nina miaka ishirini na tisa. Naishi upande wa Msambweni kwa mama mkwe, nina mtoto wa wiki nne na nakaa eda. Hayo yote yamenikuta ndani ya mwezi mmoja.

Wiki mbili baada ya kujifungua, mguu wangu wa kushoto ulivimba ukawa mzito. Hospitalini waliniambia damu imeganda ndani ya mshipa, wakanianzishia sindano za tumboni za kufanya damu iwe nyepesi, asubuhi na jioni. Siku ya tano niliruhusiwa, lakini sindano za kuendelea nazo nyumbani hazikuwepo pale, ikabidi mume wangu akazitafute Ukunda. Alikuwa ameahidi kwenda jana yake, akasahau. Mimi nina mdomo, nakiri. Nilimpigia simu yuko kazini nikamwambia, "Leo usirudi mikono mitupu. Kama huzipati, lala huko huko." Alizipata. Wakati wa kurudi, pikipiki aliyopanda iligongwa na lori. Mwenzake wa kazini ndiye aliyetuletea maboksi mawili ya sindano, hayakupinda hata kona. Maneno yale ya kwenye simu hakuna aliyeyajua mpaka sasa ninapoyaandika.

Laiti mama mkwe wangu angekuwa mbaya, ningejua la kufanya, maana ubaya nauweza. Huyu ananiogesha, ananipikia uji wa pilipili manga, anambeba mtoto ili nilale. Kudunga alifundishwa na muuguzi nilipokuwa bado nimelazwa. Kila asubuhi na jioni alikuwa akipiga bismillahi, ananidunga kwa mkono usiotetemeka, kisha anahesabu zilizobaki. Na kila anayekuja kutoa pole, Mama humwambia maneno yale yale: "Mwanangu ameondoka, lakini alimwachia mkewe uhai." Akishayasema hutulia kidogo. Naamini ndiyo yanayomwezesha kula.

Ijumaa muuguzi alikuja nyumbani kunitoa damu, kwa kuwa mtu wa dawa hizi anatakiwa kupimwa kila baada ya siku chache. Jumatatu akanipigia. Alisema chembe zinazosaidia damu kuganda zimeshuka zaidi ya nusu ya zilivyokuwa mwanzo, na daktari anashuku ni sindano zenyewe. Kuna watu wachache, alisema, ambao mwili wao huipiga vita dawa hiyo, zile chembe zikapungua na bado damu ikazidi kuganda ndani kwa ndani. Akaniambia niache sindano papo hapo, niende siku ile ile nikatolewe damu ya kipimo kingine kinachopelekwa Mombasa kuthibitisha, na nibadilishiwe dawa, kwa sababu kuziacha tu hakutoshi. Nikamjibu kwamba nakaa eda, siwezi kutoka.

Nilimdanganya. Ustadhi alishatuambia siku ya kwanza kuwa ugonjwa ni dharura na mwenye eda hutoka kwa matibabu. Mama mwenyewe alisema daktari akiniita atanipeleka. Basi hapo ndipo nilipobanwa. Atanipeleka, atakaa kando yangu, na daktari atatamka mbele yake kwamba kitu alichokifia mwanawe ndicho kinachonidhuru.

Tangu Jumatatu jioni nimemwambia Mama nataka kuzoea kujidunga mwenyewe. Naingia chumbani, naimwaga dawa kwenye kitambaa cha mtoto, natoka na sindano tupu. Yeye huipokea, huhesabu, husema alhamdulillahi. Zimebaki sita. Na jana mguu wa kulia nao umeanza kuuma, nyuma ya goti, pale pale ulipoanzia ule mwengine. Najua maana yake, nilishaelezwa. Sijamwambia mtu. Mtoto akinyonya naona haya kumtazama usoni, kwani baba hana, na mimi naichezea roho yangu.

Leo mchana muuguzi amechoka na mimi, akapiga simu ya Mama. Hakumweleza kitu, alimwambia tu kwamba nahitajika kesho asubuhi kwa kipimo. Mama amefurahi kuwa wananifuatilia. Amenipigia pasi buibui, amemwagiza mtu wa tuktuk aje saa mbili, kisha akayachukua yale maboksi akayatia mkobani mwake. Nikamuuliza anayapeleka wapi.

"Nataka daktari ayaone, mwanangu," akasema. "Aone mwenzio alivyohangaika, na ajue hatukuruka hata moja."

Kwenda nitakwenda, msinigombeze kwa hilo. Nawauliza ninyi mama wakwe, hasa mliozika watoto wenu: mngependa kulisikia jambo hili kwa daktari, au kwa mkaza mwana wenu kabla ya kutoka nyumbani? Na nikimwambia la sindano, nimwambie na la simu? Sasa hivi yuko uani anambembeleza mtoto, anamwita kwa jina la baba yake. Nipeni hata neno la kwanza tu, mengine nitayatafuta mwenyewe.