Mzee Mwenye Kikohozi

Ndinda alizikwa kwao Mwala mwezi wa nane, mwaka wa 2003, na watu walicheka mazishini. Msishangae. Mchungaji alijaribu kuwanyamazisha akashindwa, kwa sababu kila aliyesimama kumzungumzia marehemu alijikuta akimwigiza, na Ndinda huwezi kumwigiza ukiwa umekunja uso. Hata mimi nilicheka, machozi yananitoka.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Machakos mjini. Jina langu Habiba, ila watu huniita Mama Umar. Ndinda nilimjua kwa sababu ya koti. Alikuwa mjane, akiuza ndengu sokoni, na siku za soko alikuwa akifunga gunia mapema na kuungana na kikundi chao cha maigizo, kile kilichozunguka kufundisha watu juu ya ukimwi. Kwenye igizo, yeye ndiye mume mlevi. Anavaa koti la kiume, kofia imemziba jicho moja, anatembea kifua mbele, na wallahi ungeapa ni mzee fulani unayemjua. Siku moja chifu alisimama kutazama. Ndinda akamwendea mpaka mbele ya pua, akamwiga anavyojikuna tumbo akihutubia. Watu wakashika mbavu. Chifu naye akacheka, angefanyaje? Vicheko havijaisha, Ndinda akavua kofia. "Sasa nisikizeni. Hii ugonjwa mimi niko nayo. Bwanangu aliniachia. Ndengu yangu mnakula kila siku na hamjakufa!"

 Miaka ile, nani alikuwa na moyo huo? Nilimpenda mpaka nikamwonea wivu.

Wivu, ndiyo. Nyuma ya pazia la duka langu alilala mdogo wangu Faiza, na ugonjwa huo huo. Watu nilikuwa nimewaambia ameenda Mombasa kwa shangazi. Mteja akiingia, Faiza akishikwa na kikohozi, mimi nakanyaga cherehani kwa nguvu, hata pasipo kitambaa, ili asisikike. Hofu ya midomo ya watu hiyo, jamani. Ilinitawala.

Basi Ndinda akaja nimshonee koti lililopasuka kwapani. Hakuweza kusubiri akiwa kimya, akaanza vituko vyake vya mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Nyuma ya pazia mtu akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Nikakanyaga cherehani. Ndinda akatazama sindano ikipanda na kushuka pasipo nguo.

"Aiya, Mama Umar! Unashona upepo?"

Hakungoja jibu. Akafunua pazia, akaingia, nikamsikia akimwambia Faiza, "Kumbe Mombasa ni hapa! Na bahari mmeificha wapi?"

Sikuwahi kumsikia Faiza akicheka vile tangu augue. Tangu siku hiyo Ndinda alikuja kila jioni na uji wa wimbi. Alimchana nywele, akamkanda miguu, akamwiga kila mtu wa soko mpaka Faiza akawa anamaliza kikombe bila kujua. Mtu ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa! Na Faiza akawa na hamu moja tu.

"Dada, nipeleke sokoni nimwone akicheza. Mara moja tu."

"Faiza, wewe uko Mombasa," nikamjibu. Mungu anisamehe.

Ndinda ndiye aliyepata dawa ya ukaidi wangu. "Mvalishe koti na kofia. Nitamkalisha kiti katikati ya uwanja, akuwe baba yangu mzee. Kazi yake ni kukohoa tu, na hiyo anaijua kunishinda."

Nikakubali. Si kwa wema, la. Nilikubali kwa sababu hakuna ambaye angemtambua.

Jumatatu Ndinda akamsukuma kwa mkokoteni mpaka uwanjani. Mimi nikasimama mbali, karibu na wauza miwa. Faiza kwenye kiti, mdogo ndani ya koti lile, kila akikohoa Ndinda anaruka: "Baba, pole pole! Umebakisha meno mawili, usiyateme!" Watu hoi. Nikamwona mdogo wangu anacheka na soko zima, mabega yanatikisika, na nikasema moyoni, alhamdulillahi.

Mara akainua mkono. Akavua kofia.

"Mimi si mzee. Ni Faiza, wa kwa fundi. Sikuenda Mombasa. Naumwa, na dada yangu ndiye anayenilea. Yule pale."

Akaninyooshea kidole, huku anatabasamu. Alikuwa ananishukuru, mnaelewa? Soko lote likageuka kunitazama. Na mimi, Habiba, nikageuka nyuma pamoja nao, kana kwamba anayeonyeshwa ni mtu mwingine nyuma yangu. Halafu nikaondoka.

Ndinda alimrudisha, akamlaza, akaenda zake. Faiza aliomba maji tu. Baada ya siku kumi na moja alifariki. Wanawake niliowaogopa walikuja wote, jirani yangu Swabra akiwa wa kwanza, wakamwosha kwa upole na kumtia udi. Hakuna aliyeninyooshea kidole. Hofu yangu yote ilikuwa ya bure.

Nilikaa na jambo lile miaka miwili. Niliposikia Ndinda hajiwezi nikaenda Mwala. Alikuwa amebaki mifupa, lakini akaniuliza kama nimekuja kumpima sanda, kwa sababu amepungua na kitambaa kitatosha watu wawili. Nikashindwa kucheka. Nikamuuliza lililokuwa likinila.

"Ndinda, siku ile sokoni. Faiza aliniona nikiondoka?"

Ndinda, aliyeweza kumdanganya hata chifu kwamba yeye ni mlevi wa miaka sitini, akatazama ukuta.

"Hakukuona, Mama Umar," akasema. Kisha akanishika mkono. "Kwa mkokoteni, tukirudi, alinishikilia nguo. Akaniambia, dada akikuuliza, mwambie sikumwona."