Karatasi Niliyoisoma Redioni

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka, na kila nikiikumbuka uso unaniwaka. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mtangazaji wa redio ndogo hapa Butembo. Habari za lugha ya Kinande nilizisoma mimi, na huko Lubero watu waliijua sauti ya Masika.

Kampeni zilikuwa zimepamba moto. Mgombea mmoja, mfanyabiashara, alikuwa amejaza mji picha zake, na vijana aliwafikia kwa simu. Lakini milimani, ambako mabango hayafiki na rezo ya simu haishiki, alihitaji redio. Siku mbili kabla ya kura akaja studio na karatasi. Iliandikwa kwamba Mwalimu Kavira, mama aliyeshindana naye, amejitoa, na anawashukuru waliomuunga mkono. Akaniambia kwa upole kwamba akichaguliwa atanichukua niwe msemaji wake.

Namba ya Mwalimu Kavira nilikuwa nayo. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Sikumpigia. Niliogopa ataniambia ukweli. Nikaisoma karatasi ile asubuhi, mchana na jioni, kwa sauti yangu nzuri.

Baada ya kura nikapanda Lubero kumsalimia mama. Nikamkuta anachagua mbegu za viazi, nikamuuliza kama alimpa mwalimu kura yake.

«Sikuenda,» akasema. «Ulisema kwa redio mwalimu alijitoa. Sauti ya mutoto wangu, ningeikatala namna gani?»

Majirani zake nao walibaki nyumbani. Mwalimu akashindwa.

Nikashuka hadi kwa mwalimu, mtaa wa Kimemi hapa mjini, nikapiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza.

«Masika,» akasema, «ulidanganya batu bote. Sasa juu ya nini unakuja kuomba musamaha kwangu peke yangu?»

 Nikarudi redioni kuomba nisome masahihisho. Mkurugenzi akakataa, na kazi yangu ikaishia hapo. Jumapili nikasimama kanisani Lubero, mama kando yangu, nikasema yote. Walionisikia ni wale waliokaa kwenye mabenchi tu. Hata leo nakutana na wazee wanaolalamika kwamba mwalimu aliwatupa dakika za mwisho. Nawaeleza mmoja mmoja, na wengine hawaniamini.

Wewe, mwanangu, una simu mkononi. Wagombea watakutafuta, maana watu wa kwenu wanakuamini wewe kuliko bango. Usipeleke neno ambalo hukuliulizia. Kama unaweza kumpata anayesemwa, mpigie kwanza, hasa pale unapoogopa jibu lake. Na ukikosea, sahihisha palepale, mbele ya walewale, mapema, kabla mlango haujafungwa.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe moyo wa kuuliza, na watu wako walitaje jina lako kwa furaha mpaka uzeeni.