Firigisi ya Bwana Harusi

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane hivi, Uhuru ukiwa bado mpya, niliona mashua ikikataa kuingia ziwani. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo mwenyewe, kwa macho haya mawili, na kama mtakavyoona, bila mimi hakungekuwa na kisa. Shule niliachia darasa la nne, lakini kuona nilihitimu mapema.

Tulitoka Magunga alfajiri, mimi na nyanya, tukateremka kwa miguu hadi kwa mjomba. Alikuwa amehamia kwenye bandari moja ndogo huko mwisho wa rasi: nyumba tisa, mashua nne, maji pande tatu, na kimya ambacho samaki akiruka, kijiji kizima kinageuka kumtazama. Nimefika Mombasa, nimefika Mwanza. Bandari nzuri kama ile sijaiona, na anayebisha aje tubishane.

Mjomba alikuwa mfugaji kule Lambwe mpaka mbung'o wakammalizia ng'ombe. Fahali mmoja tu alibaki, naye akampa fundi ili atengenezewe mashua. Siku tuliyofika, mashua hiyo ilikuwa inaolewa.

Ndiyo, inaolewa. Kwa wavuvi wale mashua mpya ni bibi harusi. Huyu aliitwa Nyar Gwassi, yaani binti wa Gwassi, maana mbao zake zilitoka kwenye milima ya jina hilo, na mwanamke huitwa kwa kwao. Bibi kama huyo hupelekwa majini kwa nyimbo, na ndani yake huwekwa kuku aliyepikwa. Omo wake, yaani ncha ya mbele, ukigusa maji, mwenye mashua, ambaye ndiye bwana, anakula firigisi. Hakuna mwingine wa kuonja kabla yake.

Nyanya aliweka bakuli la kuku ndani ya mashua, upande wa mbele, akalifunika kwa jani la mgomba, kisha akanitazama. Alikuwa na mazoea ya kuniita mume wake.

"Mume wangu, pua yako naiona. Usiguse. Chakula cha harusi kikiliwa na mwizi, bibi harusi anakaa chini na haondoki."

"Sina njaa, nyanya," nikasema.

Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri na kiazi kimoja tumboni. Watu walipokwenda kukata magogo ya kutelezeshea mashua, niliinua jani kidogo, kuhakikisha tu kwamba kuku yupo. Firigisi ilikuwa juu kabisa. Sijui ilifikaje mdomoni.

Wakaja, wakashika kamba, wakavuta. Nyar Gwassi alitembea vizuri hatua kumi, kumi na tano. Halafu, hatua chache kabla ya maji, akasimama.

"Vuteni!"

"Tunavuta! Nyinyi wa nyuma mnasukuma au mnapapasa mtoto?"

"Wewe uliyezoea jembe, nyamaza. Hapa si shamba la mtama!"

Walibadilisha magogo, wakachimba mchanga, wakatukanana hadi kizazi cha tatu. Wapi. Wavuvi sita waliokuwa wamekubali kumfanyia mjomba kazi wakaanza kunong'ona. Mmoja akaachia kamba.

"Mimi narudi kwenye mashua ya zamani. Inayokataa maji siku ya harusi itanizamisha."

Wa pili naye akafuta mikono. Mjomba alishika ubavu wa mashua kama mtu anayemzuia mgonjwa asianguke. Ng'ombe hana, shamba amelihama, na sasa watu wanaondoka. Hata mimi, na utoto wangu, nilielewa.

Nyanya akaenda moja kwa moja kwenye bakuli, akafunua jani.

"Firigisi iko wapi?"

Fundi akaninyooshea kidole. "Mama, ya nini kuuliza? Tazama mdomo wa huyo. Unang'aa kuliko lami niliyopaka!"

Nyanya akavunja fimbo kichakani. Nikafunga macho, nikasikia mjomba anasema, polepole kabisa:

"Mama, ngoja. Anayekula firigisi ya harusi ni nani?"

"Ni bwana harusi."

"Basi mimi sikuila. Mwenye mke ndiye huyu." Akanigeukia akainama. "Bwana harusi, mkeo amekaa chini kwa sababu hujamshika mkono. Mvute."

Watu wakaangua kicheko. Yule aliyekuwa anaondoka alicheka mpaka akakaa mchangani. Mjomba akanipa ncha ya kamba, nikatangulia mbele, nikaimba kwa sauti ya mwanaume, nao wakadaka wimbo na kuvuta wakicheka, wote sita, na Nyar Gwassi akateleza majini, laini, kana kwamba alikuwa akiuliza kwa nini tumechelewa.

Kama ni firigisi au ni wale watu kuacha kutukanana, mnaniuliza mimi? Ninachokijua ni kwamba mtu aliyepoteza kila kitu alikuwa na haki ya kunichapa mbele ya wote, akachagua kunioza mke. Sasa nina umri unaozidi ule aliokuwa nao siku ile, na wanangu wakiniharibia kitu, namtafuta mjomba ndani yangu. Siku nyingine simpati.

Yote niliyoandika ni kweli tupu, isipokuwa jambo moja, nalo nililitia mwenyewe: sikuimba. Nililia kwa sauti kubwa mwendo wote hadi majini, na wao wakanipokea kwa kiitikio.