Sauti Isiyoamkia Wakubwa

Mimi ni mshereheshaji wa harusi, na kwa miaka mingi nimeamini kuwa Mungu aliponiumba alianza na koo, mengine akayaongezea baadaye. Ukisikia spika zinaunguruma Magomeni, huku kwetu kusini, siku ya Jumamosi, wageni wanaombwa kusimama kumpokea bibi harusi, mara nyingi ni mimi. Kwa hiyo kamati ya maafa iliponiita ofisini kwao sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba walichelewa.

Walikuwa wamefunga vifaa vya kupima kina cha maji huko juu kwenye Mto Ruvuma. Maji yakizidi kiwango, kompyuta yenyewe inawapigia simu watu wote wa bondeni waliojisajili, hata wale wenye simu za kitochi. Kilichokosekana ni sauti.

"Tunataka sauti ambayo watu wataitii," alisema mama aliyesimamia kazi hiyo.

"Basi mmefika," nikamjibu.

Tulirekodi huku feni imezimwa, isije ikasikika, na shati likanigandia mgongoni. Yule mama alikuwa ameandika maneno machache: maji yanakuja, hamieni shuleni kwenye mwinuko, bebeni dawa na watoto, acheni vyombo. Nikayaona makavu. Nikatunga mwanzo wangu mwenyewe: "Tahadhari! Tahadhari! Wakazi wa bondeni, ninawaamuru muondoke sasa hivi!"

"Si bora tuseme tunawaomba?" akauliza.

Nikamweleza, kwa upole wa mtaalamu, kwamba mafuriko huwa hayaombi. Akaniachia. Tena nikang'ang'ania namba yangu iingizwe, ingawa naishi mjini, mbali kabisa na mto, ili siku ikifika nami nijisikie.

Siku ikafika, asubuhi, katikati ya msimu wa mvua. Nilikuwa dukani Chikongola, hapa mjini, nachagua tai. Simu ikaita, namba ngeni. Nikapokea, nikasikia dume zima linafoka: "Tahadhari! Tahadhari!" Nikajua ni matapeli, maana siku hizi wana mbinu kila aina. Nikakata. Ikaita tena, nikakata tena.

"Nani huyo?" akauliza mwenye duka.

"Tapeli tu. Na linavyojisikia! Sauti yenyewe kama debe."

Nikarudi kwenye tai zangu. Baadaye kidogo akapiga mama mkubwa, dada yake marehemu mama, anayelima mpunga Mahurunga.

"Wewe," akaanza, "siku hizi umekuwa mtu mkubwa sana, eti?"

"Mama, kuna nini?"

"Unanipigia, napokea, nasubiri shikamoo. Unaanza kunifokea! Nakuuliza hali, hujibu. Nakuuliza watoto, unaniambia acha vyombo. Unaniamuru mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

Hapo ndipo nilipolitambua lile debe. Tai ikanidondoka mkononi. Nikapiga kelele mle dukani mpaka wateja wakageuka. "Mama, ile ni mashine! Maji yanakuja kweli! Ondokeni!"

"Unaona? Unarudia yale yale."

"Shikamoo mama! Ondokeni!"

"Marahaba," akasema, akitua kidogo. "Sisi tumeshaondoka kitambo. Tuko shuleni."

Kumbe baada ya kupata simu ile aliwaita majirani waje washuhudie mtoto aliyemlea alivyoharibika. Mashine ilipopiga tena akaweka spika ya nje, majirani wakasikiliza, wakasikitika sana juu ya malezi. Ni mumewe aliyeuliza kama kuna mtu amesikia hilo neno la maji. Akasema adabu zangu watazijadili wakifika juu. Wakachukua watoto, wakachukua dawa yake ya presha, wakaondoka, na njiani walimsimulia kila waliyekutana naye. Wengine wakafuata kwa ajili ya maji, wengine, nadhani, kwa ajili ya hadithi.

Jioni mto ukaingia kijijini. Mpunga ukazama na nyumba kadhaa za udongo zikaanguka, lakini hakuna aliyepotea.

Kesho yake nilikwenda huko na gari la kamati, nimevaa koti, nikijiandaa moyoni kupokea shukrani. Niliposhuka pale shuleni, bibi mmoja aliyekuwa anasonga ugali alinitazama juu hadi chini, akamgeukia mwenzake.

"Ndo huyu asiyeamkia watu?"

"Ndo mwenyewe."

Mama msimamizi alikuwa nyuma yangu. Alicheka mpaka akaegemea gari. Wiki hiyo hiyo tulirekodi upya, na safari hii nilisoma kama nilivyopewa: shikamooni wazazi wetu, poleni na kazi, tunawaomba. Aliniambia nishushe pia sauti kidogo, naongea kama napokea maharusi. Nikashusha.

Lakini siku ile niliyofika shuleni, maji yalipopungua, mama mkubwa alinivua koti mwenyewe, akalitundika kwenye dirisha la darasa, tukashuka hadi kwake. Godoro lilikuwa limelowa, zito kama ng'ombe. Nilishika upande mmoja, mumewe upande wa pili, tukateleza kwenye tope mpaka uani, na yeye mlangoni akituelekeza.

"Inua! Inua! Sio huko, huku!"

Na sisi tukawa tunakwenda alikotuambia.