Kiti cha Massoud

Mzee Uweso wa Mabawa, Tanga, alikuwa fundi miavuli, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake. Ukimpelekea mwavuli uliopinduliwa na upepo, kwanza atakusema wewe, kisha ndipo aushone. Watu walicheka, wakamwachia kazi, wakaenda zao. Huko kwenda zao ndiko kulikomuumiza. Mkewe Chiku alikuwa amefariki, binti yake Asmahani ameolewa Horohoro, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumuuliza kama amekula.

Chiku ndiye aliyekuwa akisikiliza habari za Massoud. Massoud alikuwa Mpemba, askari mwenzake Uweso katika vita vya Mjerumani. Walilala hema moja na kula sufuria moja. Jioni, Chiku akimenya muhogo, husema, "Ehe, na Massoud akafanyaje?" ingawa habari zile alikwisha kuzisikia hadi zikamchosha. Massoud aliugua tumbo la kuhara huko kusini, ng'ambo ya Rufiji, akafa, akazikwa kando ya njia ndani ya blanketi lake. Hakuacha mke wala mtoto. Chiku alipokufa, Uweso hakumjua mtu mwingine wa kulitaja jina la Massoud, naye mwenyewe alikuwa ameshazeeka.

Mwaka wa hamsini na tano, jumuiya moja ya mjini ikaamua kuwaenzi wazee wa vita. Kila mmoja apigwe picha, picha zitundikwe ukumbini, na siku ya kufungua habari zao zisimuliwe mbele ya watu. Uweso alipoitwa, alikataa. Alipoitwa tena, alikataa tena, ila kesho yake akaonekana anafua kanzu.

Mpiga picha alikuwa kijana wa mtaa wa Usagara, jina lake Sadalla.

"Shikamoo, mzee. Kaa hapo kitini."

"Marahaba. Mie sikai." Uweso akazunguka nyuma ya kiti, akaweka mkono juu ya egemeo. "Hiki cha Massoud."

Akamweleza. Njia nzima ya kusini, miguu imevimba na njaa inawauma, Massoud alikuwa akimwambia, "Vita vikisha, twende Tanga tukapigwe picha. Mie ntakaa kitini, mie mkubwa. Weye utasimama nyuma." Waligombana sana juu ya kiti hicho, na Uweso hakukubali kushindwa hata siku moja. Sasa alikuwa amekubali.

Sadalla akajikuna kichwa. "Lakini mzee, kiti kitupu, watu watadhani nimesahau mtu."

"Si amesahauliwa?"

Sadalla akapiga picha hivyo hivyo.

Siku ya kufungua, Uweso aliwahi kabla ya wageni. Akaitafuta picha yake ukutani, akaiona: uso na kifua, basi. Bega moja limeinama kidogo, kama la mtu aliyeshika kitu, lakini alichokishika hakimo.

"Fremu zilikuja ndogo, mzee," Sadalla akasema, macho chini. "Wakataka uso tu. Nisamehe."

Uweso akapitisha macho juu ya safu za viti, akachukua kimoja, akakiweka chini ya picha yake, mbali kidogo na ukuta, akasimama nyuma ya kiti, mkono juu ya egemeo.

Ukumbi ukajaa. Hotuba zikaanza. Ilipofika zamu yake, msemaji akasoma, "Uweso bin Jumbe, askari, fundi wa Mabawa," akapita kwa mwingine. Mzee alikuwa bado amesimama. Mgeni mmoja mnene, aliyechelewa, akajipenyeza hadi pale akitweta.

"Mzee wangu, hukai? Basi nipishe mie."

Uweso akakishika kiti kwa mikono miwili.

Sadalla, aliyekuwa karibu na mtambo wake wa picha, akamshika mgeni mkono taratibu. "Kina mwenyewe, bwana. Ni cha Massoud, wa Pemba."

Mgeni akaomba radhi, akaenda kusimama mlangoni.

Uweso akainamisha kichwa. Tangu Chiku afariki, hakuwa amelisikia jina lile kinywani mwa mtu mwingine.