Mume Wangu Alivuta Gesi ya Baluni, Sasa Mtoto Wetu Haongei

Salaam aleikum. Admin nifichie jina, hapa Isiolo tunajuana sote. Nina miaka ishirini na saba, mama wa mtoto mmoja wa kike, ako chekechea, PP1. Mume wangu alikuwa dereva wa pickup, akipeleka bidhaa Merti. Nasema alikuwa kwa sababu hawezi tena kushika usukani.

Ilikuwa harusi ya dada yake, nyumbani kwa mama mkwe. Mpambaji alileta mtungi wa heliamu wa kujaza baluni. Mume wangu akavuta gesi kidogo kutoka kwa baluni moja, akaongea kwa sauti nyembamba kama ya katuni. Watu walicheka, mtoto wangu kuliko wote. Akamshika baba yake kanzu akasema, "Aba, fanya tena." Baluni zingine zilikuwa zimeshafungwa juu ya hema, kwa hivyo akaweka mdomo kwenye mtungi wenyewe. Alianguka hapo hapo. Tulidhani anaendelea na mchezo mpaka tukaona damu mdomoni.

Daktari alinieleza gesi ya mtungi hutoka kwa nguvu. Ilipasua mapafu, mapovu yakaingia kwa damu yakapanda hadi kwa ubongo. Amepooza upande wa kulia. Kuongea imekuwa shida, siku zingine hata jina langu linampotea.

Tulihamia kwa mama mkwe kwa sababu peke yangu siwezi kumwinua. Sitasema uongo, mama anamtunza mwanawe vizuri. Mtoto naye alikuwa amenyamaza tangu harusi, nikafikiri ni mshtuko. Majuzi nimetoka sokoni nikamkuta kando ya kitanda cha baba yake, akko yake, yaani nyanya yake, anamwambia polepole, bila hata hasira, "Ni wewe ulimwambia afanye tena."

Nilipomuuliza mama mkwe, alisema hajadanganya.

Nimemwambia mtoto si kosa lake. Ananiangalia tu. Mtu ambaye angemwamini ni baba yake, na nimemwona akijaribu kumwambia, lakini maneno hayatoki, mwishowe analia, na mtoto anazidi kuogopa.

Mama yangu yuko Garbatulla, anasema nimlete mtoto. Nikienda naye, mume nimemwacha kitandani, na kwao watasema nimemtoroka mgonjwa. Nikimpeleka peke yake, ataamini amefukuzwa kwa kosa lile. Nyinyi wenye watoto, niambieni, niende ama nibaki?